Kadi Niliyoandika "Maji"

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa kliniki mlinikalisha kwenye kile kiti cha wagonjwa, mkanipa saa ya ukutani na chai yenye sukari ya kung'oa meno, halafu mkasema, "Bi. Zuhura, tuandikie mambo ya zamani." Mlitaka vichekesho, najua. Ninavyo vichache na nitavitoa. Lakini kuna jambo moja nimekaa nalo tangu kabla wengi wenu hamjaajiriwa, na nisipoliandika sasa mtaendelea kunisifu bure, kama mlivyonisifu siku ile hadi nikaona haya.

Nilianza kazi nikiwa na miaka thelathini na minane. Nilikuwa mjane, mtoto wa Mombasa, niliyeletwa Nairobi na mume karani, kisha homa ya wiki moja ikamchukua. Bendera ya nchi ilikuwa imebadilishwa juzi tu. Kliniki ilikuwa pale pale ilipo sasa, katikati ya mji nyuma ya maduka ya vitambaa, na walitafuta mwanamke wa kushika watoto. Nikasema nimelea wanne, kushika naweza. Sikuwa na sifa nyingine yoyote. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya mafuta ya karafuu, yale tunayotulizia jino, nikasimama kama mjinga machozi yakinilengalenga, maana ilikuwa harufu ya chumba cha bibi yangu. Kisha daktari akang'oa gego la mtu mzima mbele ya macho yangu, nikaanguka chini. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, na mgonjwa mwenyewe, shavu limejaa pamba, ananipepea kwa kofia yake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Musembi, dresa mkuu, yaani msaidizi wa daktari, Mungu amrehemu. Alikuwa ametumika jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akibeba majeruhi, na Kiswahili chake kilibaki kule kule jeshini. Alinifundisha kuchemsha vyombo, na kusaga dawa ya kuzibia: vumbi la fedha na zebaki ndani ya kinu kidogo cha kioo, halafu unakamua kwenye kipande cha ngozi laini mpaka zebaki iliyozidi itoke matone. Nyinyi mna mashine inayotikisa yenyewe. Sisi tulisaga kwa mkono, na jioni tulishindwa kushika hata kijiko. Tulipokwenda kwenye shule zisizo na umeme tulibeba keekee ya kutobolea jino, ya kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga polepole mtoto anaumia, ukikanyaga mbio jino linapata moto. Mimi nilikanyaga kama mshona nguo anayefukuzana na Idi, na watoto wakanizoea.

Alinifundisha pia kushika. Mkono wa kushoto chini ya taya, kichwa cha mtoto kifuani kwako, na kiwiko cha kulia kinalala juu ya mikono yake yote miwili. Mzee aliita kufuli. "Wewe napiga kufuli, daktari nafanya kazi, kwisha," alisema. Na mama wa mtoto alingoja nje. Ilikuwa desturi. Tulisema mama akiwepo mtoto anadeka, na mama naye akiona sindano anazimia, na mzimiaji mmoja kliniki ilikuwa naye tayari.

La mwisho alilonifundisha ni neno moja. Foleni ya watoto ilifika hadi barabarani, na daktari alikuwa mmoja. Kwa hiyo dresa alisimama mlangoni na kioo cha mdomo, mtoto anaachama, dresa anaandika neno moja juu ya kadi: TOBO, JIPU, NG'OA. Kadi mgonjwa alikwenda nayo nyumbani na kurudi nayo. Kulikuwa na neno la nne, MAJI. Mnayajua meno hayo ya kahawia, ya watu waliokulia Nakuru na kwingineko wakinywa maji ya visima vyenye chumvichumvi ile inayochafua jino. Hayakuwa na dawa kwetu. Mwenye MAJI hakumwona daktari, aliambiwa arudi nyumbani. "Jicho moja, neno moja," Mzee alinihimiza. "Wewe nikiacha naandika barua, watu nalala hapa." Nikawa hodari. Hodari kupita kiasi, nasema leo. Watu walikuwa wakitoka vyumba vingine kuja kunitazama nikipunguza foleni.

Nekesa aliletwa na mama yake mwaka wangu wa nne. Alikuwa na miaka sita lakini ungemdhania wa mitatu, amebebwa mgongoni kwa leso. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji na kutundikwa shingoni. Mama yake, Rosa, alikuwa Mbukusu aliyehamia Kangemi na mumewe kutafuta vibarua, mwanamke mrefu wa sauti ya chini. Nikamwambia mtoto aachame. Meno yake yote yalikuwa rangi ya sandarusi, ile kahawia inayopitisha mwanga, na ya nyuma yalikuwa yamelika hadi usawa wa ufizi.

"Sista, meno yake inaisha," Rosa akasema. "Inaisha kama sabuni."

"Mlikuwa mkiishi wapi kabla ya hapa?"

"Nakuru. Baba yake alikuwa analima shamba ya Mzungu."

Nakuru! Basi, nikaona nimemaliza. Nikaandika MAJI.

"Na mkono yake pia ilivunjika," Rosa akaendelea. "Hii ni mara ya tatu. Hata hajaanguka, nilikuwa namvalisha tu."

"Hapa ni meno, mama," nikamjibu. "Mifupa ni hospitali kubwa. Anayefuata!"

Mtoto alinitazama kwa macho ambayo weupe wake ulikuwa na ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikamwambia, "Macho mazuri, mashallah." Ndivyo nilivyosema, wallahi. Nilikuwa nimeona meno, nimeona bandeji, nimeona macho, vyote kwa mtoto mmoja, na nikaandika neno moja nikaita mwingine.

Walirudi baada ya masika. Shavu la Nekesa lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba, maana gego lililolika lilikuwa limefanya usaha chini. Safari hii niliandika JIPU, chini ya lile neno la kwanza, na akaingia kwa daktari. Daktari Odera alikuwa kijana wetu wa kwanza kutoka masomoni ng'ambo, mpole, mwenye miwani inayoteleza. Alikuwa ameng'oa meno tangu alfajiri bila kupumzika. Alitazama kadi, akaona MAJI na JIPU, akachukua koleo.

Rosa alisita mlangoni. "Sista, usimfinye sana. Huyu mtoto ni laini."

"Mama, ngoja nje."

Nikapiga kufuli. Daktari alipobana jino, nilisikia mara mbili. Mara ya kwanza ni mdomoni: jino lilikatika, kwa sababu meno yale ni mepesi kuvunjika, na daktari akaguna akaanza kutafuta mizizi. Mara ya pili ni chini ya kiwiko changu, sauti ndogo kama ya njiti ya kiberiti. Nitasema wazi kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza. Niliisikia, na niliihisi. Nekesa alikuwa akilia kwa ajili ya jino, na papo hapo akanyamaza. Alinitazama tu. Daktari akasema, "Msichana shujaa," akamaliza kazi yake.

Nilimvika sweta mimi mwenyewe. Nilianza na mkono mzima, kisha ule mwingine mwisho, polepole, nikiuinua kwa viganja viwili kama mtu anayejua anachokifanya. Nikamkabidhi kwa mama yake nikasema asile kitu kigumu. Halafu nikaita anayefuata. Hadi saa ya kufunga ulimi haukufunguka. Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Nilijiambia wakiona kitu watakwenda hospitali, na hospitali ndiyo kazi yao. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Wiki mbili baadaye akaja afisa wa ustawi wa jamii, kijana mwenye tai na faili. Alisema yuko mtoto wa Kangemi aliyepelekwa hospitali na mkono uliovunjika upya, na picha zimeonyesha mifupa mingine iliyovunjika zamani na kuungana. Majirani walikuwa wameulizwa wakasema mtoto hulia sana. Mama anadai mkono umevunjika kwenye kliniki ya meno.

"Ni wewe ulimshika?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Kuna kitu kilitokea?"

Mzee Musembi alikuwa pale akikunja taulo. Daktari Odera alikuwa pale. Mimi mjane, watoto wanne shuleni, nyumba ya kazi kule Ngong Road ambayo ningepokonywa siku hiyo hiyo. Sijisafishi, naeleza tu nilichokiwaza.

"Alitolewa jino," nikasema. "Hapa halikutokea lingine."

Akaandika. Akanishukuru hata! Nilikuja kusikia baadaye kwamba Nekesa aliondolewa kwa mama yake wiki hiyo, akapelekwa kwenye makao ya watoto huko mbele ya Kangemi, na kwamba Rosa aliruhusiwa kumwona Jumapili tu, akiwa amekaa upande wa pili wa meza, mbele ya mlezi, bila kumgusa. Mumewe aliamini yaliyoandikwa kwenye faili, kwamba mama humpiga mtoto, kuliko mkewe. Alirudi kwao magharibi na hakutuma salamu.

Nilianza kukosa usingizi. Nilikuwa nikishuka basi la kanjo, la baraza la mji, pale maduka ya Adams kununua mkate, najikuta nimesimama mbele ya duka sikumbuki nimefuata nini. Nilimwambia Mzee Musembi siku moja, tukiwa tunachemsha vyombo. Sikumwambia yote, nilisema, "Mzee, naogopa yule mtoto wa Kangemi tulimuumiza." Alifunika sufuria ya vyombo. "Vitani mimi naona hii," akasema. "Mtu nasema leo, nauma leo. Mtu nasema kesho, nauma zaidi. Sema leo, binti." Sikusema. Mzee alistaafu mwisho wa mwaka ule, na mpaka siku ya kuondoka hakunikumbusha tena.

Mwezi wa saba tangu Nekesa achukuliwe, ilifika zamu yetu ya kuzungukia makao ya watoto na keekee ya mguu. Daktari Odera na mimi tuliweka kiti chetu barazani, watoto wakapanga mstari. Mmoja hakupanga. Alikuwa amelazwa juu ya mkeka kwenye jua, mguu umefungwa plasta nyeupe. Nilimtambua kabla hajageuka.

"Huyu amefanya nini?" daktari akamwuliza mlezi wa makao, mama mmoja mnene mwenye huruma.

"Daktari, hata sisi tunashangaa. Aligeuka tu kitandani, tukasikia mlio. Na tangu aje hapa hakuna mtu amempiga, naapa mbele ya Mungu."

Daktari alipiga magoti mkekani. Akatazama mguu. Akamfungua mdomo, akatazama muda mrefu, akageuza kioo huku na huku ili jua lipite ndani ya jino. Kisha akamvuta kope ya chini kwa kidole, akatazama weupe wa jicho. Nikamwona anavua miwani.

"Kadi yake iko wapi?"

Mlezi akaileta. Alisoma neno langu.

"Nani aliandika maji?"

"Mimi, daktari."

"Bi. Zuhura, haya ni meno ya utotoni, na yote ni rangi moja. Maji huchafua zaidi yale ya ukubwani, na huyachafua kwa madoa. Huyu mtoto amezaliwa hivi. Kilichokosekana kwenye mifupa yake ndicho kilichokosekana kwenye meno, ni ugonjwa mmoja. Nilionyeshwa mgonjwa kama huyu mara moja tu, masomoni." Kisha akasema kwa sauti ya uchovu, "Mimi mwenyewe nilimng'oa jino nisimtazame. Nilitazama kadi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Siku hiyo hiyo aliandika barua mbili, moja kwa hospitali na moja kwa yule afisa, kwamba mtoto ana mifupa ya kuvunjika kwa kuguswa, kwamba mguu umevunjikia makaoni mama yake hayupo, na kwamba hakuna aliyempiga. Barua zilitosha. Nekesa alirudishwa Kangemi. Na kwa kuwa barua zilitosha, hakuna aliyeniuliza tena juu ya mkono, na mimi nikajipa ruhusa ya kukaa kimya mara ya pili.

Meno ya ukubwani yalipoanza kutoka, yakiwa na rangi ile ile, Daktari Odera aliagiza vifuniko vya chuma ili magego yasiishe kama ya kwanza. Kazi hiyo tulijifunza kwa Nekesa. Hatukung'oa tena, hatukuharakisha, na kila mtoto alipofika mlangoni niliuliza kwanza, "Amewahi kuvunjika?" Mlikuwa mkiniuliza kwa nini nawachosha na swali hilo hata kwa mtoto mwenye tobo moja. Ndiyo sababu. Daktari akaamua pia kwamba kufuli kwa mtoto kama huyu ni marufuku, na kwamba kichwa atashika mama mwenyewe, kwa vidole tu, maana yeye ndiye anayejua uzito wa mkono unaofaa.

Siku ya kufunika magego, Nekesa alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anasoma vizuri, mdomo haufungi. Aliniambia anataka chuma kinachong'aa kama bampa ya gari. Rosa alikuwa akifulia watu kwenye nyumba mpya za Mountain View na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Daktari akamwambia, "Mama, njoo umshike kichwa."

Rosa alirudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Hapana, daktari. Sista amshike. Hii mikono yangu iliandikwa kwa faili."

"Faili lilifutwa, mama."

"Ilifutwa kwa ofisi. Mimi kwa nyumba namwogesha na kitambaa, sigusi. Akilia usiku naita jirani ndio amwinue. Nikimshika naona wakikuja tena."

Nekesa aliacha kuchekacheka. Basi hapo ndipo nilipokatika. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulifundishwa hivyo tangu utoto, nami nilikuwa nimeficha miaka mitatu huku mtoto wa watu anakosa kukumbatiwa. Nikaweka chini sinia ya vyombo.

"Mama Nekesa," nikasema, "mkono wake niliuvunja mimi. Hapa, kwenye kiti hiki, kwa kiwiko hiki. Mikono yako haikufanya kitu. Afisa aliniuliza nikakana."

Nekesa ndiye aliyesema kwanza, bila hasira, kama anayesahihisha hesabu ya mwenzake. "Mimi nilijua ni Sista. Nilimwambia mama. Wale wengine hawakuniuliza."

Rosa alinitazama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi, kwa laana, kwa kilio. Aliuliza swali moja tu.

"Wewe ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema nilijua baadaye, makaoni, daktari alipotueleza. Hakuna binadamu ambaye angenipinga. Lakini Nekesa alikuwa akinitazama kwa yale macho.

"Siku ile ile," nikasema. "Nikimvika sweta."

Rosa alitoa mikono mgongoni, akaipangusa kwenye leso, akaja nyuma ya kiti. Akaweka vidole vyake kwenye mashavu ya mwanawe, kwanza kwa ncha, kisha viganja vizima. "Achama, mama," akamwambia, kama akina mama wa kwao wanavyowaita binti zao. Akamshika hivyo mpaka vifuniko vyote vinne vikakauka, na daktari aliposema imekwisha, hakumwachia.

Nilimwomba Daktari Odera anipeleke kwa afisa nikaandike upya nilichosema, na tulikwenda. Yule kijana alikuwa amehamishwa, aliyekuwepo akaweka karatasi yangu kwenye faili ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Sikufukuzwa. Nyumba sikupokonywa. Vyote nilivyoviogopa havikutokea, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko adhabu.

Walikuja kliniki kila muhula kwa miaka mitano. Rosa alikuwa mtu wa salamu: alimsalimu daktari, mfagiaji, bawabu, hata wagonjwa asiowajua. Mimi hakunisalimu. Sikumlaumu. Nekesa alinisalimu kwa wawili, akiwa ndani ya mikono ya mama yake, na akaonyesha chuma chake kwa kila mtoto aliyelia kwenye benchi. Wengi walinyamaza kwa ajili yake. Mifupa ya mbavu ndiyo iliyomshinda. Kifua kilibanwa mwaka hadi mwaka, na homa ya mapafu ilimchukua wakati wa baridi, akiwa darasa la sita.

Baada ya mazishi kule kwao Rosa alirudi Nairobi kuchukua vitu vyake, akapita kliniki kushukuru. Aliingia na nguo nyeusi. Akampa mkono daktari, mfagiaji, bawabu. Nilikuwa mlangoni na kioo changu, mtoto wa watu ameachama mbele yangu. Rosa akasimama. Akatoa ile kadi kwenye kifundo cha leso, imelainika kwa kukunjwa, maneno ya daktari yamejaa pande zote mbili, na juu kabisa neno langu.

"Mtoto nimezika," akasema. "Hii ni yako, Sista."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia yule mtoto aliyekuwa mbele yangu afunge mdomo kwanza, nikainama nikamwuliza mama yake kama amewahi kuvunjika.